Faini ya njia ya mwendokasi Dar: nilipe 30,000 yaishe au niipinge? Mimi niko Mbeya

MwanaUyole – Jumanne, saa 1:42 usiku
Habari za jioni wakuu. Nina jambo linaninyima usingizi, naomba mawazo kabla ya Ijumaa. Nimeandikiwa faini ya elfu 30 kwa kuendesha gari kwenye njia ya mwendokasi kule Dar, ile iliyotengwa kwa mabasi yaendayo haraka, na sikubaliani nayo kabisa. Naona njia tatu: nilipe kwa simu yaishe, niandike barua kwa wakubwa wa trafiki wa huko nijieleze, au nikatae kosa twende mahakamani. Aliyewahi kupita mojawapo aniambie ilimtendeaje. Hela naweza kuipata, kinachoniuma ni kubeba kosa ambalo sikulifanya kwa kutaka.

Dereva wa Tunduma – saa 1:50 usiku
Lipa. Elfu 30 mkuu. Nauli ya basi Mbeya hadi Dar kwenda na kurudi inakula hiyo faini mara tatu, bado hujala, bado hujalala. Nimeendesha lori Dar Tunduma miaka kumi na moja, nimelipa za haki na zisizo za haki, na mzigo ulifika.

Mama Tumaini Forest – saa 1:58 usiku
Mbona umeficha mambo yote ya maana? Uliandikiwa lini? Uliandikiwa na askari ana kwa ana au umekuta deni tu kwenye simu? Gari ni lako? Wewe ndiye uliyeendesha? Ulikuwa wapi hasa, maana njia ya mwendokasi ni ndefu, Kimara mpaka Kivukoni ni karibu kilomita 21 na matawi yake ya Gerezani na Morocco, na siku hizi kuna ya Mbagala. Na kwa nini Ijumaa? Bila hayo tutakushauri nini ndugu yangu.

Kamwene_Iringa – saa 2:05 usiku
Naunga mkono swali la mama hapo juu. Pia sema kama ulikubali kosa pale pale barabarani. Mimi nasoma sheria mwaka wa tatu, na hilo ni jambo kubwa kuliko unavyofikiri. Faini zile zinaandikwa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973, na maana yake ni kwamba ukilipa umekubali kosa na habari imeishia hapo. Usipokubali una haki ya kupelekwa mahakamani, na kule upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha bila kuacha shaka. Mimi ningeenda mahakamani. Watu wanalipa makosa yasiyo yao kwa sababu ya uvivu halafu tunalalamika.

Dereva wa Tunduma – saa 2:09 usiku
Mdogo wangu soma vizuri ufaulu, lakini kesi itasikilizwa lilipotokea kosa, yaani Dar. Siku ya kwanza inatajwa, ya pili shahidi hakuja, ya tatu hakimu ana udhuru. Nani atamlipia huyu nauli?

MwanaUyole – saa 2:31 usiku
Samahani wakuu, nilikuwa naswali. Najibu yote.

Gari ni langu, Noah, na mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Tulitoka Mbeya saa 10 jioni tunampeleka mama Muhimbili, alikuwa na rufaa ya figo, nyuma amekaa na dada yangu. Pale mbugani Mikumi nilienda taratibu 50 kama vibao vinavyosema, kwa hiyo tukachelewa, tunaingia Kimara ni kama saa 11 na robo alfajiri. Mbele kidogo ya Kimara Mwisho kulikuwa na lori limelala limeziba njia zote za kwenda mjini. Foleni imesimama kabisa. Akaja askari wa trafiki, kavaa koti la kung'aa, ana tochi ile ya mkononi yenye taa nyekundu, akawa anatupungia tuingie upande wa kati kwenye njia ya zege ya mwendokasi. Mbele yangu yaliingia magari matano au sita, na mimi nikafuata. Sasa ukishaingia mle kuna kingo za zege huku na huku, hutoki mpaka ufike kwenye makutano. Nafika karibu na kituo cha mwendokasi cha Korogwe nikasimamishwa na askari mwingine. Nikamweleza, akasema yeye hajapewa taarifa yoyote ya kufungua njia, akaandika. Magari ya mbele yalikuwa yameshapita. Mama nyuma anatapika, nikachukua kikaratasi nikaondoka. Sikusema nakubali wala nakataa.

Hiyo ni wiki iliyopita Alhamisi. Ijumaa ni kwa sababu nauza hii Noah kulipia matibabu, mteja yupo Mbalizi, kaingiza namba ya gari kwenye mfumo kaona deni, amesema hatoi hela mpaka liwe safi.

Mama Tumaini Forest – saa 2:40 usiku
Pole sana kwa mama. Anaendeleaje?

Hayo ndiyo ungeanza nayo. Sasa kisa kimebadilika kabisa. Pale shule ya udereva tulifundishwa kwamba ishara ya askari mwenye sare inashinda taa, inashinda kibao, inashinda mistari ya barabarani. Akikwambia pita kwenye nyekundu unapita. Huna kosa hapo.

Kamwene_Iringa – saa 2:44 usiku
Ndiyo nasema! Utetezi wake ni mzuri. Mahakamani.

Nesi wa Zamani Kimara – saa 2:59 usiku
Naomba niseme jambo ambalo halitapendwa. Nilikaa Kimara miaka mitano nikifanya kazi hospitali moja mjini kabla sijarudi Mafinga, nilikuwa napanda mwendokasi kila siku ya Mungu. Ile njia ikiingiliwa na magari madogo basi linasimama, na basi moja refu lile la kuunganika limebeba watu zaidi ya mia, wengi wamesimama, kuna wajawazito, kuna watu wanawahi zamu. Na kibaya zaidi wanaovuka kwa miguu wamezoea kuangalia mabasi tu, hawategemei gari dogo litokee pale kwa kasi. Nimepokea majeruhi wa namna hiyo, mmoja alikuwa binti wa shule, begi lake lilikuwa bado mgongoni. Kwa hiyo mimi askari wa pili simlaumu. Mwenye mgonjwa mmoja akiingia, kila mtu atasema ana mgonjwa. Ambulansi na zimamoto ndizo za kupita mle.

Kama kweli uliruhusiwa, sawa, pinga. Ila lazima uwe na kitu cha kuonyesha.

MwanaUyole – saa 3:06 usiku
Dada yangu nakuelewa, na ningekuwa nimejiingiza mwenyewe nisingefungua mada hii, ningelipa kimya. Mimi niliingizwa.

Kamera Mbele – saa 3:10 usiku
Hii ndiyo sababu nawaambia watu kila siku fungeni kamera kwenye kioo cha mbele. Yangu nilinunua Kariakoo, inarekodi yenyewe ukiwasha gari. Mara mbili imenisaidia, mara moja pale Igawa na mara moja Ilula niliposingiziwa kupita gari jingine kwenye mstari usioruhusu. Nikamwonyesha askari video, akaniambia nenda. Ungekuwa nayo tusingekuwa tunajadili hapa.

Dereva wa Tunduma – saa 3:13 usiku
Lakini hana.

Kamera Mbele – saa 3:14 usiku
Nasema kwa faida ya wengine.

Probox ya Makambako – saa 3:47 usiku
Wakuu mimi nilipita njia ya barua, tena kwa kosa la huko huko Dar, naomba mnisikilize kwa kirefu kwa sababu nadhani inamhusu MwanaUyole moja kwa moja.

Mwaka juzi nilisimamishwa pale Makambako kwenye ukaguzi wa kawaida, askari akaingiza namba ya gari kwenye kimashine chake akaniambia unadaiwa. Nadaiwa nini? Kuegesha vibaya, Dar es Salaam, tarehe fulani. Nikamwambia hii Probox tangu nimeinunua haijawahi kuvuka mlima Kitonga kushuka chini kuelekea Dar, inabeba mboga na viazi Njombe Makambako Mafinga basi. Akasema yeye hahusiki, lipa au fuatilia kule lilikoandikwa. Baadaye sana nikaja kuelewa kuwa aliyeandika aligeuza herufi mbili za mwisho za namba, yaani gari lingine kabisa, nafikiri hata rangi si yangu.

Nikasema silipi. Nikaandika barua ya kwanza, nikaituma kwa basi, nikamwomba kijana wa ndugu yangu aipeleke ofisini. Wiki mbili kimya. Kijana akarudi, akaambiwa barua haionekani. Nikaandika ya pili, safari hii nikamwambia asitoke mpaka nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Ikagongwa. Wiki tatu. Nikapigiwa simu na mtu mstaarabu tu, akaniuliza una ushahidi gani kwamba gari lilikuwa Njombe siku hiyo? Hapo ndipo nikakumbuka kwamba huwa najaza mafuta kituo kilekile kila asubuhi na ninadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Nikaenda kupekua kwenye ile droo ya dashibodi. Risiti zipo nyingi, lakini zile karatasi jua linazipiga mle ndani zimekuwa nyeupe, ukiigeuza kwenye mwanga unaona kama kivuli cha herufi tu. Nilikaa chini nikaishika ile ya tarehe yenyewe nikahisi kulia.

Kilichoniokoa ni mke wangu. Yeye ndiye anayeweka hesabu za biashara na huwa anapiga picha kila risiti siku ileile. Tukafungua simu yake tukaikuta, ina tarehe, ina saa 12 na dakika 20 asubuhi, ina namba ya gari maana nilikuwa namwambia mhudumu aandike, na chini ina ile namba ya uhakiki. Ukiingiza ile namba kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato, risiti inatokea yote kama ilivyo, mtu hawezi kusema umeitengeneza nyumbani. Nikaprinti vyote viwili, nikaambatanisha na nakala ya kadi ya gari, nikatuma barua ya tatu. Deni likafutwa.

Lakini ilinichukua karibu miezi mitatu. Na muda wote huo deni lilikuwa linaonekana, kila nikisimamishwa ni maelezo upya, na faini ikikaa inaongezeka, sikujua mpaka nilipokagua tena. Siku moja gari lilizuiwa na nyanya za mteja ndani, krete kumi na nne, nilivyoachiwa jioni nusu zilikuwa zimeshakuwa maji. Hizo nyanya zilikuwa na thamani kubwa kuliko faini yenyewe. Nililipa mimi kwa mteja.

Kwa hiyo barua inafanya kazi, sikatai. Ila haifanyi kazi mpaka Ijumaa.

Mama Tumaini Forest – saa 3:55 usiku
Mungu akubariki kwa kuandika yote hayo. Hiyo ya muhuri kwenye nakala watu waishike, barua isiyo na muhuri wa kupokelewa ni kama hukuandika.

Mkwe wa Leicester – saa 4:02 usiku
Dada wa mke wangu yuko Uingereza, mji wa Leicester, naye alipigwa faini ya njia ya basi mwaka jana. Kule inakuja barua nyumbani na picha ya gari lako ikiwa ndani ya njia. Ukilipa mapema unalipa nusu. Ukipinga unaandika kwanza kwa halmashauri iliyokutoza, wakikataa unapeleka kwa msuluhishi huru na hulipi chochote kumwendea, na mambo yote mnaweza kumaliza kwa mtandao bila kusafiri. Ila hata huko ukishalipa ndiyo umefunga kesi. Sasa sisi tungepata hicho cha msuluhishi wa mtandaoni mtu wa Mbeya asingelazimika kuchagua kati ya nauli na haki yake.

Dereva wa Tunduma – saa 4:06 usiku
Huko wana picha. Hapa ni neno la askari na neno lako.

Kamwene_Iringa – saa 4:11 usiku
Na neno la dada yake! Mmesahau dada alikuwa ndani ya gari. Ni shahidi. Kuwa ndugu hakumfanyi asiwe shahidi, hakimu ndiye anayepima uzito wa ushahidi wake. Pia lori lililolala ni tukio, ajali ya namna hiyo itakuwa imeandikwa kituo cha polisi cha karibu, na huyo askari wa kwanza alipangwa na mtu kwenda pale. Halikuwa jambo la siri. MwanaUyole ukiandika barua taja hilo lori, saa, na mahali, uombe waangalie kumbukumbu zao wenyewe.

Probox ya Makambako – saa 4:15 usiku
Hilo ni la maana sana. Na barua iende kwa RTO, yaani mkuu wa trafiki, wa mkoa wa kipolisi unaohusika na pale, maana Dar kipolisi imegawanyika, kuna Ilala, Kinondoni na Temeke, ukipeleka isikohusika inazunguka. Kwenye kile kikaratasi ulichopewa kuna namba ya askari aliyekuandikia, iandike. Unacho bado?

MwanaUyole – saa 4:20 usiku
Ninacho. Nimekipiga picha sasa hivi baada ya kusoma habari ya risiti zako. Kimeanza kufifia pembeni.

Mama amelazwa, wanasema anaanza kusafishwa damu. Ndiyo maana nina haraka na hela ya gari.

Nesi wa Zamani Kimara – saa 4:24 usiku
Pole mno. Ulizeni pale pale ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuhusu gharama za kusafisha damu, msisubiri mpaka hela iishe. Nenda na utambulisho wa serikali ya mtaa mapema. Hilo naomba ulifanye hata kabla ya hii faini.

Dereva wa Tunduma – saa 4:29 usiku
Basi ndugu yangu mimi nabaki palepale na sasa nasema kwa huruma zaidi. Lipa kesho asubuhi, uza gari, mama atibiwe. Haki ya elfu 30 haiwezi kukaa mbele ya damu ya mama.

Kamwene_Iringa – saa 4:33 usiku
Akilipa amekiri. Na kwenye mfumo kosa halikai kwenye namba ya gari peke yake, hata ukiingiza namba ya leseni linatokea. Gari litauzwa, leseni itabaki yake.

Mnunuzi Mbalizi Sokoni – saa 4:41 usiku
Mimi nanunua na kuuza magari. Kuna njia mnaisahau. Mwambie mteja akate elfu 30 na kidogo cha tahadhari kwenye bei, muandikishane kwa mwanasheria kwamba deni la tarehe hiyo ni la muuzaji na analifuatilia mwenyewe. Nimeshafanya hivyo zaidi ya mara moja. Mteja anayeitaka Noah kweli hawezi kuiacha kwa elfu 30. Ni ya mwaka gani na imetembea ngapi?

Mama Tumaini Forest – saa 4:44 usiku
Na akisimamishwa njiani mteja? Atateseka kama huyu wa nyanya. Mimi nisingekubali kama mnunuzi.

Mnunuzi Mbalizi Sokoni – saa 4:47 usiku
Ataonyesha mkataba na nakala ya barua iliyogongwa muhuri.

Probox ya Makambako – saa 4:49 usiku
Mimi nilikuwa na nakala iliyogongwa muhuri na nyanya zilioza.

Kamera Mbele – saa 4:56 usiku
Swali la pembeni kidogo. Hii barabara yetu ya hapa Mbeya ya njia nne inayojengwa kutoka Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29, mnajua kama wataacha njia ya daladala peke yake? Maana pale Mafiati na Kabwe asubuhi ni mateso, Hiace zinapakia katikati ya barabara.

Dereva wa Tunduma – saa 5:01 usiku
Achaneni na hilo. Mbeya haihitaji njia ya mabasi, inahitaji malori yatolewe katikati ya mji. Mlima ule wa kutoka Uyole ukiwa na tani 30 nyuma halafu bajaji inakatiza mbele yako, mtu anakufa. Nimeona kwa macho yangu.

Nesi wa Zamani Kimara – saa 5:08 usiku
Siafiki. Mji unaokua kama Mbeya ukisubiri mpaka watu wawe wengi ndiyo utenge njia, utabomoa nyumba za watu. Kimara mpaka Kiluvya watu walibomolewa wakati wa kupanua barabara, mjue hilo. Afadhali kutenga nafasi sasa hivi wakati ardhi ipo.

Kamera Mbele – saa 5:12 usiku
Na wakitenga waweke kamera, tusirudi kwenye neno la mtu na neno la mtu.

Mama Tumaini Forest – saa 5:15 usiku
Jamani turudi kwa mwenye mada. MwanaUyole umeamuaje?

MwanaUyole – saa 5:38 usiku
Nimezungumza na dada sasa hivi, bado yuko Muhimbili na mama. Nilimuuliza kama anakumbuka sura ya yule askari wa kwanza. Akaniambia, kaka, mimi nilikuwa namrekodi mama meseji ya sauti ya kumtumia shangazi Kyela kwamba tumefika Kimara, na mama alikuwa anaongea. Kwenye ile sauti, anasema, anasikika mtu nje akipiga kelele "ingieni huku, ingieni huku, twende." Na mimi nasikika nikiuliza "huku kwa mwendokasi?"

Simu aliyotumia ni ile yake ya zamani, kioo kimepasuka na betri haikai, ipo kwenye begi nyumbani kwa mwenyeji wetu Mbezi. Kesho ataifuata. Shangazi naye anatafuta upande wake, ila huwa anafuta meseji kwa sababu simu yake inajaa.

Mteja wa Mbalizi nimemwomba mpaka Jumatatu. Hajajibu.

Kamwene_Iringa – saa 5:41 usiku
Mwambie shangazi asifute kitu chochote! Mpigie sasa hivi hata kama amelala. Ya kwake ikiwepo itakuwa na tarehe na saa ilipoingia.

Dereva wa Tunduma – saa 5:44 usiku
Mpigie mkuu. Na mimi kesho napita Kimara na mzigo, nitauliza wale vijana wa maegesho ya malori kama kuna anayelijua hilo lori lililolala. Lilikuwa na mzigo gani, unakumbuka?

MwanaUyole – saa 5:47 usiku
Mbao. Zilikuwa zimemwagika mpaka kwenye mtaro, mpya, bado zinanukia misonobari. Nafikiri zilitoka huko kwenu Mafinga.

Nesi wa Zamani Kimara – saa 5:52 usiku
Kama ni mbao za Mafinga nipe mpaka asubuhi. Hapa wenye malori ya mbao wanajuana wote.